Uvimbe wa shingoni: uanze na sindano au uende moja kwa moja kwenye kisu?

Mpwa wangu alishuka kwenye Hiace ya Bahi saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, jua la Dodoma likichoma mpaka lami inanukia, naye amejiviringishia mtandio wa mama yake shingoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mtandio wa nini na joto hili?"

Hakujibu. Tulipofika nyumbani akaufungua bila kuniangalia. Chini ya taya la kulia palikuwa na kidonda kidogo, kingo zake za zambarau, kinatoa maji mazito ya njano. Pembeni mwake mitoki mingine mitatu minne ilikuwa imebanana kama zabibu kichani. Uvimbe ulianza mwezi wa nne, hauumi, akaupuuza. Mwezi wa saba muuza dawa mmoja kule kijijini akamwambia ni jipu lililochelewa kuiva, akalipasua kwa wembe, akaziba na pamba. Tangu siku hiyo halijafunga.

Mimi si daktari. Nimestaafu maabara, ni yule mtu aliyekuwa anapokea vikopo dirishani. Vikopo vya shingo nimepokea vingi, na wenye shingo hizo wengi walikuwa wameshapewa ushauri wa namna nne: subiri, meza antibayotiki, kachanjwe, kapasuliwe. Wa tano, ambao ndio ulipaswa kuwa wa kwanza, walikuwa hawajausikia: kavutwe kwa sindano. Basi naziweka njia hizi bega kwa bega, nikisema tangu mwanzo kwamba mimi niko upande wa sindano.

Si kila mtoki ni TB

Shingo imejaa tezi za limfu, zile ambazo zikivimba tunaziita mitoki. Kazi yake ni kunasa vijidudu vinavyotoka mdomoni, kooni na kichwani. Jino bovu, koo, sikio linalotoa usaha, mapunye ya mtoto kichwani, vyote huvimbisha mtoki, na mtoki wa aina hiyo una tabia yake: unakuja ndani ya siku mbili tatu, unauma ukiguswa, una joto, na baada ya wiki mbili tatu unanywea.

TB ya tezi inakuja kimyakimya. Tezi inakua wiki hata wiki, mwanzoni ngumu kama gololi, inateleza chini ya kidole wala haiumi. Baadaye zinashikana. Kisha mojawapo inalainika katikati, ngozi ya juu yake inaiva rangi, na mwisho inapasuka yenyewe na kuacha tundu linalovuja. Wengine hupata homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Wengine hawana hata kimoja, na kikohozi hawana kabisa. Hapo ndipo watu wanapoteleza. "Sikohoi, TB itoke wapi?" Itoke kwenye tezi. Mapafu yanaweza kuwa safi na shingo ikawa inaungua. Katika TB zote zinazokaa nje ya mapafu, hii ya tezi ni miongoni mwa zinazoonekana sana, na shingo ndiyo makao yake makuu.

Rovu ni kitu kingine. Hilo hukaa mbele, katikati, na hupanda na kushuka ukimeza mate. Simama mbele ya kioo, meza, utajua. Kinachotisha zaidi ni saratani ya tezi, limfoma, maana nayo huja bila maumivu na huweza kuleta homa ileile, jasho lilelile na kukonda kulekule. Kwa macho na vidole huwezi kuzitenganisha. Hata bingwa hawezi. Ndiyo maana anataka sampuli.

Kuhusu kusubiri na antibayotiki nitakuwa mfupi. Dozi moja ya kawaida si vibaya, hasa kama kuna jino au koo. Mwezi ukikatika na mtoki uko palepale, au umeongezeka, acha kubadilisha vidonge. Na kuna ukoo mmoja wa dawa wa kuukwepa kabla hujapimwa: levofloxasini na ndugu zake. Hizo zinaikwaruza TB bila kuiua. Uvimbe unanywea, nyumba nzima inashukuru, kisha unarudi, na miezi imeshapotea. Duka la dawa litakuuzia bila kukuuliza chochote.

Utaombwa pia kupima VVU. Usinune. VVU hufungua mlango kwa TB ya aina hii, na matibabu ya viwili hivi hupangwa pamoja. Ila kuna watoto na vijana chungu nzima wenye TB ya tezi na VVU hawana. Mpwa wangu ni mmojawapo.

Sindano na kisu

Sindano ninayoisema si ya kuingiza dawa, ni ya kuvuta. Mpwa wangu hakuelewa hilo hadi dakika ya mwisho. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati.

Nilisimama mlangoni nikaangalia. Daktari alimkalisha, akamgeuza kichwa kushoto, akapaka spiriti. Hakugusa ile tezi yenye kidonda. Alichagua ya jirani yake ambayo ngozi bado nzima, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Akaingiza sindano nyembamba iliyofungwa kwenye bomba la mililita kumi, akawa anavuta huku anaisukuma mbele na nyuma ndani ya tezi, pande mbili tatu. Nilihesabu: sikufika ishirini. Kilichotoka kilikuwa cheupe, kizito, chenye mabongebonge, kama maziwa yaliyogandia chini ya kibuyu. Madaktari wa Ulaya wa zamani walikifananisha na jibini. Mgogo hana haja ya jibini kukielewa.

Tone moja likapakwa kwenye vioo viwili kwa ajili ya darubini. Lililobaki likaenda kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo inatafuta vinasaba vya mdudu wa TB na papo hapo inasema kama rifampisini, dawa kubwa ya TB, bado inamuweza. Mashine yenyewe inamaliza kazi ndani ya saa mbili hivi. Siku zinazoongezeka ni za foleni, umeme na safari ya sampuli kutoka kituo kisicho na mashine. Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo hiki kwa majimaji ya tezi tangu 2013, kwa hiyo mtu akikwambia GeneXpert ni ya makohozi tu, amebaki nyuma.

Ubaya wa sindano? Inaweza kukosa. Tezi ni pana, sindano ni nyembamba, na wadudu waliomo kwenye tezi ni wachache ukilinganisha na wanaojaa kwenye makohozi. Mimi sindano ikisema ndiyo, naiamini. Ikisema hapana, naiuliza mara ya pili.

Sasa kisu. Hapo unaingia chumba cha upasuaji. Mtu mzima mara nyingi anapigwa ganzi, mtoto anapewa nusu kaputi. Tezi nzima inatolewa, unashonwa, unarudi kutoa nyuzi, na kovu linabaki shingoni mahali ambapo kola haifiki. Kuna jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: pembeni mwa shingo, karibu sana na ngozi, unapita mshipa wa fahamu unaoinua bega. Ukijeruhiwa, bega linalala na mkono haupandi vizuri juu ya kichwa. Kwa mtu wa jembe au mama wa kubeba ndoo, hilo ni pigo. Daktari mzoefu anaujua na anaukwepa, lakini uwepo wake tu unatosha kunifanya nisikimbilie kisu kwa jambo ambalo sindano ingelijibu.

Kisu kina heshima yake, hata hivyo. Mwanapatholojia, yule daktari anayesoma nyama ya mwili kwa darubini, akipewa tezi nzima anaona nyumba yote ilivyojengwa, vyumba na kuta. Sindano inamletea matofali machache mkononi. Kama kinachoshukiwa ni limfoma, matofali hayatoshi, maana aina zake ni nyingi na kila moja ina tiba yake. Kwa hiyo ningekubali kisu bila ubishi sindano ikishakaa kimya mara mbili. Ningekubali pia kama mitoki iko makwapani na kwenye kinena pia, bandama limevimba, na mtu anapungua haraka. Na ningekubali kama mgonjwa amemeza dawa za TB miezi kadhaa bila kuruka na hali inazidi kuwa mbaya bila maelezo.

Hapa niseme kitu kilichonikera miaka yote ya kazi. Tezi inatolewa, inatumbukizwa nzima kwenye kikopo cha formalini, inaletwa dirishani. Formalini inahifadhi nyama isioze, sawa, lakini inaua kila mdudu aliyemo. Mwanapatholojia ataisoma, lakini kuotesha mdudu ili kujua anaitwa nani na anauawa na dawa gani, hilo limeshakwisha. Nakumbuka mama mmoja aliyeuza mbuzi wawili ili mwanawe afanyiwe upasuaji. Tezi yote ikaja kwenye formalini. Jibu likarudi: inafanana na TB, lakini yapo magonjwa mengine yanayofanana hivyo pia. Tezi nyingine ya kutoa haikuwepo, na mbuzi wengine hawakuwepo. Kwa hiyo kabla hujalala kitandani mle ndani, mwambie daktari kwa adabu: "Naomba kipande kimoja kiende kwenye saline, maabara ya TB, na kingine kwenye formalini." Saline ni maji ya chumvi tu, hayamuui mdudu. Ni sentensi moja. Kikopo cha pili hakimgharimu mtu.

Gharama nazo zimelalia upande huohuo wa sindano. GeneXpert iko ndani ya mpango wa taifa wa kifua kikuu. Chumba cha upasuaji na patholojia ndivyo vinavyogusa mfuko, na ukiwa wilayani huenda vikakupeleka mjini, hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, pamoja na nauli na mtu wa kukusindikiza. Uliza dirishani kabla, na kama una bima uliza inabeba nini.

Kuna kisu cha pili ambacho si cha kulinganishwa na chochote: kupasua kama jipu na kuacha wazi. Jipu la kawaida likipasuliwa linapona. Jipu la TB likipasuliwa linakuwa mfereji. Kama usaha umejaa na ngozi inakaribia kuachia, mtaalamu anauvuta kwa sindano akiingilia pembeni, penye ngozi nzima, na anaweza kurudia siku nyingine. Wembe wa muuza dawa ulimpa mpwa wangu miezi mitatu ya kubadilisha vitambaa, na marafiki wakaanza kukaa mbali naye kidogo kwenye benchi.

Mkono wa mfalme na mizizi yetu

Huko Ulaya ugonjwa huu uliwahi kuitwa ugonjwa wa mfalme. Waliamini kwamba mfalme wa Uingereza au wa Ufaransa akimgusa mgonjwa, tezi zitanywea. Watu walipanga foleni. Mfalme Charles II, aliyetawala Uingereza kuanzia 1660 hadi 1685, anakadiriwa kugusa watu zaidi ya 90,000. Kila mmoja alivalishwa utepe shingoni wenye kipande cha dhahabu kilichotobolewa. Nadhani baadhi yao walifuata dhahabu, na siwalaumu.

Mwaka 1712 Malkia Anne alimgusa mtoto mmoja ambaye hajafikisha hata miaka mitatu, jina lake Samuel Johnson. Alikuja kuwa mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyotoka 1755. Kile kidani alikivaa maisha yake yote. Tezi hazikusikia, akapelekwa kwa madaktari wakamkata. Yeye basi alipitia vyote viwili, mkono wa malkia na kisu, na makovu aliyozikwa nayo yalikuwa ya kisu. Mfalme aliyefuata, George I, aliuacha utaratibu huo. Wafaransa walikawia zaidi: Charles X aliwagusa wagonjwa 121 alipotawazwa mwaka 1825.

Karne zote hizo watu wenye akili zao waliaminije? Kwa sababu tezi hizi hupanda na kushuka zenyewe. Mtu anaguswa leo, baada ya miezi miwili mtoki unanywea kidogo, sifa zinakwenda kwa mfalme. Wa pili unampasukia, anabaki nyumbani, hakuna anayemuuliza. Na ndivyo ilivyo kwetu na mizizi. Kila kijiji kina mtu aliyepona mtoki kwa dawa ya fulani, na simdharau. Huenda ulikuwa mtoki wa jino. Huenda ilikuwa TB iliyolala kidogo, ikaamka mwaka uliofuata na kubeba jina jingine.

Tofauti ninayoiona ni moja: mkono wa mfalme haukuwa na wembe. Chale juu ya tezi ya TB zinafungua njia ileile ya mfereji, na wembe uliopita kwa wengine unabeba VVU, homa ya ini na pepopunda. Kama mzee wenu ana dawa ya kunywa na hamtaki kumkatalia, basi mwambieni muuguzi wa kliniki ya TB waziwazi. Dawa za TB zinapita kwenye ini, na ini halijui kipi kimetoka kwa mganga na kipi kimetoka hospitali.

Mtu aliyemaliza ubishi ni Robert Koch, daktari Mjerumani, aliyesimama Berlin tarehe 24 Machi 1882 na kuonyesha mdudu mwenyewe. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani ni tarehe hiyo. Dawa za kumuua zikafuata: streptomaisini ilipatikana 1943, isoniazidi ikaingia 1952, na kuanzia hapo kisu kikaacha kuwa tiba ya tezi, kikabaki kuwa njia ya kupata jibu.

Umezee dawa wapi, mjini au kwenu?

Dada yangu alitaka kijana abaki Dodoma miezi yote sita. "Kaka, huko mjini ndiko kuna madaktari." Nilimkatalia, na nafikiri hapa ndipo familia nyingi zinapochagua vibaya baada ya kuchagua vizuri mwanzo.

Dawa za TB ni zilezile. Za hospitali kubwa na za zahanati zinatoka mpango mmoja, zinatolewa bure kote, na kipimo chake kinafuata kilo za mgonjwa. Miezi miwili ya kwanza dawa nne ndani ya kidonge kimoja, kisha miezi minne dawa mbili. Mpwa wangu alikuwa na kilo 49, akaandikiwa vidonge vitatu kila siku, vyote kwa mkupuo, asubuhi. Kinachoshinda mchezo huu ni kumeza kila siku, siku 168 au zaidi kidogo, na hilo linafanyika vizuri zaidi karibu na mama yako kuliko kwa mjomba mwenye kitanda cha sebuleni. Kliniki ya mjini ilimwandikia uhamisho, akapokelewa kwao. Kwa watoto wenye TB ya tezi peke yake, isiyo kali, Shirika la Afya Duniani linaruhusu tangu 2022 kozi ya miezi minne. Uliza kliniki yenu kama inamhusu wako.

Mfumo huu wa dawa za kufuatwa karibu na nyumbani una historia inayotuhusu. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, daktari Karel Styblo akishirikiana na wenzetu, na kazi iliyofanyika hapa kwenye wilaya za kawaida ndiyo dunia ilikuja kuichukua miaka ya 1990 kama kielelezo. Kabla ya kozi fupi kuja watu walimeza dawa mwaka mzima na zaidi. Ukilalamikia miezi sita, kamuulize babu aliyewahi kuugua.

Wiki ya kwanza simu ililia saa kumi na mbili asubuhi.

"Mjomba, nakojoa damu."

"Rangi gani?"

"Kama... Fanta."

Ni rifampisini. Mkojo, machozi, hata jasho hugeuka rangi ya machungwa, na haina madhara. Yenye kukufanya urudi kliniki siku hiyohiyo ni macho kuwa manjano, kutapika mfululizo, au kuona rangi kwa taabu. Ganzi na kuchomachoma miguuni kwaweza kuzuiwa na vidonge vya vitamini B6, viulizie. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aseme, maana rifampisini inavipunguza nguvu.

Jambo linalowaangusha wengi huja mwezi wa pili au wa tatu wa dawa. Tezi, badala ya kunywea, inavimba zaidi, au nyingine mpya inachomoza. Familia inasema dawa hazifanyi kazi, inarudi kwenye wembe. Mara nyingi ni mwili wenyewe unaogombana na mabaki ya wadudu waliokufa, na kwa wenye VVU walioanza ARV hutokea zaidi. Rudi kliniki waangalie, usiache dawa. Kwa mpwa wangu ilikuwa tezi ya nyuma ya sikio. Ilivimba wiki tatu, ikatulia. Kidonda cha wembe kilijifunga chenyewe kabla ya mwezi wa nne wa dawa, bila uzi hata mmoja.

Halafu kuna sahani. Nilipokwenda Bahi nilikuta mama yake amemtengea sahani ya bati na kikombe, vimetobolewa alama kwa msumari. TB iliyo kwenye tezi tu haisambai kwa sahani, kikombe wala kwa kupumua. Inayosambaa ni ya mapafu, kwa hewa, na ndiyo maana kijana alipimwa makohozi na kupigwa picha ya kifua hata kama hakohoi. Picha ilikuwa safi. Sahani ikarudi kabatini. Kilichobaki ni kuwapima wengine wa nyumbani, hasa watoto wadogo, kwa sababu kijana naye aliipata mahali.

Na maziwa je?

Mahali penyewe pengi ni hewa: mtu mwenye TB ya mapafu aliyekohoa karibu yako. Ila kwa sisi wa mifugo upo mlango wa pili. Ng'ombe ana TB yake, inayoshuka kwenye maziwa, na mtu akinywa mabichi mdudu anaanzia mdomoni na kooni, halafu ananaswa na tezi za shingo. Watafiti wa hapa nchini wameshampata mdudu huyu wa ng'ombe kwenye mitoki ya wagonjwa Watanzania.

Hata Koch aliteleza hapa. Mwaka 1901, mbele ya mkutano mkubwa London, alisema TB ya ng'ombe si tishio kubwa kwa binadamu. Waingereza wakaunda tume, ikachunguza miaka 10, ikaonyesha kuwa alikosea. Huyo ndiye Koch yuleyule aliyekuja Afrika Mashariki ya Wajerumani na mwaka 1905 akachunguza homa ya papasi, ambayo wazee wa Mvumi hawahitaji kuelezwa.

Kuna sababu ya kitabibu ya kumtajia daktari habari za maziwa. Mdudu wa ng'ombe kwa asili yake haogopi pirazinamidi, mojawapo ya zile dawa nne. GeneXpert itasema TB ipo bila kusema ni ya ng'ombe au ya watu. Kinachoweza kutofautisha ni kumuotesha mdudu, na hapo tunarudi kwenye kile kikopo cha saline. Kama unafuga na mnakunywa mabichi, sema. Akithibitika ni wa ng'ombe, daktari anaweza kurefusha dozi.

Ukilinganisha maziwa mabichi, ya mgando na ya kuchemsha, la kuamua ni dogo. Kugandisha peke yake si kinga: uchachu hauhakikishi kumuua mdudu huyu. Kuchemsha kunamuua. Dada yangu alikubali kwa shingo upande, akisema maziwa yaliyochemshwa hayagandi, yanakaa kwenye kibuyu siku mbili yanakuwa kama maji yaliyooza. Kweli, kwa sababu moto umeua na vile vinavyogandisha. Tulijaribu pamoja: chemsha mpaka yapande, epua, acha yapoe mpaka kidole kivumilie, kisha koroga vijiko viwili vya mtindi wa dukani na ufunike usiku. Asubuhi yaliganda vizuri, na toka siku hiyo anabakiza vijiko viwili vya leo kwa ajili ya kesho.

Kijana alimaliza vidonge mwezi wa Aprili. Chini ya taya kimebaki kigololi kigumu, kidogo kuliko njegere. Alinionyesha kwa wasiwasi, akauliza kama hicho nacho kivutwe. Daktari alikibonyeza, akakipima kwa rula, akaandika milimita kwenye kadi na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu wapime tena, kikikua ndipo sindano. Mtandio wa mama yake tulikuwa tumeusahau kwangu tangu Oktoba. Aliukunja akauweka kwenye mfuko wa rambo, akapanda Hiace.